Alichosema Baba Kidoti Redioni

"Nirudishie sweta langu!"

"Sweta gani, Mama Jeshi? Watu wanatutazama."

"Watutazame! Kwani tumewatoza kiingilio? Sweta la njano, la mikono mirefu, nililolifuma kwa vidole hivi hivi nikiwa nimetoka kufua nguo za watu tangu alfajiri. Nikakuambia mpelekee Kidoti, huko shuleni kwao kuna baridi. Ukalipokea. Ukalinusa. Ukaniambia, 'Atafurahi kweli, njano ndiyo rangi yake.' Hukuniambia hivyo?"

"Nilikuambia."

"Basi nirudishie! Binti yangu mkubwa kapita msimu mzima wa baridi akikohoa, uzi wa kumfumia la pili sina, kumbe lile la kwanza nimempa maiti!"

Neno hilo lilipotoka, hata aliyelitoa alijiziba mdomo. Uani bomba lilikuwa linamwaga maji ndani ya ndoo iliyokwisha jaa, na hakuna aliyeinuka kulifunga. Mwanamke aliyekuwa akisukwa, kichwa nusu mistari nusu kichaka, alijifanya anatafuta kitu mkobani. Redio iliyokuwa dirishani kwa Mama Jeshi, sauti imefunguliwa mpaka mwisho ili jengo zima lisikie, sasa ilikuwa inatangaza sabuni.

Mama Kidoti alishika kitana chake, akarudi kwenye kigoda nyuma ya mteja, akaanza kutafuta mstari alipouachia. Akaupata, akaupoteza, akaanza upya.

Aibu ya namna hii haitaki mtu aliye mbali. Huletwa na wa karibu. Na hawa wawili walikuwa wa karibu hasa. Mama Jeshi alikuwa dobi, anakaa ghorofa ya kwanza na watoto wake ambao mwenye duka wa pale chini aliwaita jeshi siku aliyowaona wakishuka ngazi kwa pamoja. Jina likamkaa, na yeye akalivaa kama medali. Mama Kidoti alikuwa msusi, mlango wake uko chini kabisa, kando ya ngazi, na kibaraza chake ndicho kilikuwa bunge. Ukitaka kujua nani kahama, nani kaachwa, nani kanunua kitanda kipya cha nini na umri ule, unakwenda kusuka. Sabuni ya mmoja ilikuwa sabuni ya mwenzake. Mume wa Mama Jeshi, dereva wa malori, akikawia safarini, chakula kilivuka ngazi bila kuulizwa. Na kila asubuhi Mama Jeshi akishuka na beseni lake kiunoni, salamu yake ilikuwa moja: "Kidoti hajambo huko?"

"Hajambo. Anawasalimu."

---

Siku hiyo ilikuwa imeanza kama sikukuu. Baba Kidoti, fundi wa kusaga vioo katika duka la miwani, alikuwa ameitwa redioni. Yeye mwenyewe, mtu wa maneno machache, alikuwa amepita mlango kwa mlango akiwaambia watu wafungulie redio. Wote walijua habari ya darubini yake kule juu ya paa, bomba refu alilolitengeneza kwa mikono yake, na kamera iliyofungwa nyuma yake kama kupe. Mama Jeshi alikuwa amezoea kuanua mashuka yake mapema kila mbingu ikiwa safi. "Ondoeni nguo," angewaambia wanawe, "Baba Kidoti anataka kuchungulia kwa Mungu." Na ilipojulikana kwamba kaona huko kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona, jengo zima lilijisikia limekiona.

Basi walikaa uani, wanawake kwa watoto, na Mama Kidoti katikati yao, mikono kichwani kwa mteja, anatabasamu peke yake kama bibi harusi.

"Kwanza uliigunduaje hiyo galaksi, mzee?" mtangazaji aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kijana anayependa kucheka.

"Ni hafifu sana," ilijibu sauti ya Baba Kidoti, nyembamba kuliko ilivyo nyumbani. "Imekaa jirani na nyota moja kali. Ukipiga picha pale, mwanga wa ile nyota unafunika kila kitu. Mimi nilipoona ule ukungu nilidhani ni doa la kwenye lenzi. Madoa ndiyo kazi yangu, nayajua. Nikageuza kamera. Doa la kwenye kioo hugeuka na kioo. Lile halikugeuka."

"Sikilizeni mwanamume huyo!" Mama Jeshi alipiga mapaja. "Lile halikugeuka!"

"Nikawapelekea wataalamu. Wakaitazama kwa darubini yao kubwa, wakasema ni galaksi kweli, mkusanyiko wa nyota zisizohesabika. Ina umbo la lenzi. Nene katikati, nyembamba ukingoni. Chukua kioo cha miwani ya kusomea ukitazame kwa ubavu, ndiyo hiyo."

"Na ina tofauti gani na galaksi nyingine?"

"Nyingine zina mikono ya nyota iliyojikunja, zina mawingu ya gesi, humo ndimo nyota huzaliwa. Hii gesi yake imekwisha. Haizai nyota tena. Zilizomo ni za zamani tu."

"Ha! Kwa hiyo, wasikilizaji, mzee wetu kagundua galaksi tasa!"

Wanawake wakacheka uani. Mama Kidoti naye akacheka.

"Usiseme hivyo," Baba Kidoti alisema. "Sio tasa. Ilizaa. Imekwisha kuzaa, hilo ni jambo jingine. Ni kama nyumbani kwangu. Mimi na mke wangu tulipata mtoto mmoja, binti. Tulimzika ana miaka mitatu, kwa homa. Hatukujaliwa mwingine. Lakini jioni taa tunawasha. Ukipita nje utaona dirisha lina mwanga, huwezi kusema humu hamna watu. Na ile galaksi ndivyo ilivyo. Kwa hiyo usiseme tasa."

"Pole sana, mzee," kijana alisema, na sauti yake ya kucheka ilikuwa imekwenda. "Pole sana, na mama pia." Halafu wakaweka muziki, kwa sababu mzee hakuweza kuendelea.

Uani hakuna aliyeelewa kwa haraka. Mteja ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, "Binti gani huyo? Ana mke mwingine?" Mama Jeshi akasema, "Mke mwingine wa wapi, yule?" Ukamwona usoni anavyopiga hesabu, taratibu, kama mtu anayetafuta soksi moja kwenye rundo la nguo. Mtoto mmoja. Binti. Hawakujaliwa mwingine. Akamgeukia rafiki yake.

"Mama Kidoti. Kidoti yuko wapi?"

---

Ukweli ni kwamba Mama Kidoti hakukusudia uongo. Walipohamia hapo, yeye na mumewe, wakiukimbia mji ambao kila kona yake mtoto aliipita, Mama Jeshi alimsaidia kuingiza magodoro, na katikati ya jasho akauliza kama wanawake wanavyoulizana, "Una wangapi?" Mama Kidoti akafungua mdomo aseme. Likatoka, "Mmoja. Yuko kwa bibi yake."

Angeweza kulisahihisha kesho yake. Kesho yake Mama Jeshi akashuka na jozi ya viatu vidogo vilivyomkaza binti yake. "Wako na wangu wamezaliwa mwaka mmoja, hivi vitamfaa." Nani anarudisha viatu kwa maneno kama yale?

Kuanzia hapo Kidoti akakua. Aling'oka meno. Alianza shule. Alipata surua pamoja na watoto wa Mama Jeshi, ingawa yeye alipona mapema. Mama yake hakumfanya wa kwanza darasani, maana watu wangekuwa na kijicho. Alimfanya wa tatu, akakazana, akawa wa pili. Likizo zikija palikuwa na sababu: bibi anaumwa, barabara imeharibika, kuna masomo ya ziada. Baba yake alisikia yote kupitia dirishani na hakusema neno. Jirani wakimuuliza ngazini, naye alijibu, "Hajambo."

---

Mteja alibaki, si kwa wema, ila huwezi kutoka nyumbani kwa watu na nusu kichwa. Alipomalizwa alitoa noti, akaisukuma kwenye kiganja cha msusi na kukifumba kwa mikono yake yote miwili. "Baki na chenji, dada."

Dada. Asubuhi alipofika alikuwa amesema, "Mama Kidoti, nisuke kama wiki ile."

Akaja mwingine, mke wa mwenye duka, hana hata nywele za kusuka, na mtoto mchanga begani. "Nimekuletea umshike kidogo," alisema. "Roho itulie." Akamweka mapajani bila kungoja jibu. Mama Kidoti alimshika. Alimshika vizuri, kama anayejua, kichwa juu ya kiwiko, na mke wa mwenye duka akasimama pale akimtazama kwa macho ya mtu aliyetoa sadaka na anataka kuona ikiliwa.

"Mchukue mwanao," Mama Kidoti alisema.

"Si mshike tu, sina haraka."

"Mchukue, nakuomba."

Akaingia ndani. Akatoka na sanduku la bati, akalipandisha ngazi peke yake likigonga kila kipandio, akaliweka mlangoni kwa Mama Jeshi, akabisha, akashuka.

Mama Jeshi alikuwa anapiga pasi. Alifungua mlango, akaona sanduku, akalivuta ndani. Juu kabisa palikuwa na sweta la njano. Chini yake gauni la maua alilolitoa mwaka wa mafuriko. Chini yake sketi ya shule. Akaendelea kutoa, na kadiri alivyotoa nguo zilikuwa zinapungua ukubwa, kama mtoto anayerudi nyuma, mpaka akafika kwenye vile viatu. Kila kitu kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi, mikunjo imenyooka, na yeye dobi wa miaka yote alijua pasi ile haikupigwa mara moja. Nguo zisizovaliwa hupata mikunjo ya kukaa. Mtu alikuwa akizitoa, akizinyoosha, na kuzirudisha.

Mtoto wake mmoja alinyoosha mkono achukue kiatu.

"Usiguse!" alifoka, mpaka mtoto akaruka. "Viache. Vina mwenyewe."

Akasikia harufu ya kuungua. Pasi ilikuwa imelala juu ya shati la mteja.

---

Baba Kidoti alirudi alasiri. Dukani walikuwa wamempigia makofi. Mwenye duka la miwani alimpa ruhusa ya nusu siku. Alinunua matunda njiani. Lakini kadiri alivyokaribia nyumbani hatua zilikuwa zinapungua, na alipoingia uani na watu wakakatisha maneno, alijua.

Mkewe alikuwa amekaa kitandani, anatazamana na ukuta.

"Ulisikia," mumewe alisema.

"Jengo zima limesikia. Si uliwaambia mwenyewe wafungulie?"

"Sikupanga kusema. Yule kijana alisema tasa. Nikakuona wewe. Nikaona..."

"Umemuua."

"Mama Kidoti. Alikufa."

"Alikufa kule!" Aligeuka. "Kule alikufa, najua, mimi ndiye niliyemwosha, unanifundisha? Hapa alikuwa hajafa. Hapa alikuwa darasa la saba. Alikuwa anasubiri mtihani. Mama Jeshi alikuwa anamwombea mtihani! Umekaa mbele ya chombo cha watu, umemuua mara moja kwa dakika mbili, wakaweka muziki."

Mumewe aliweka matunda chini. Hakujua pa kuiweka mikono yake.

"Na mimi je?" alisema. "Hujawahi kuniuliza na mimi je. Nikipanda ngazi, hajambo. Nikienda dukani, hajambo. Mtoto niliyemshusha kaburini kwa mikono hii nasema hajambo, anawasalimu! Mwaka jana nimeulizwa kapata alama ngapi za hesabu. Nimekaa hapo uani nabuni alama. Tangu tumzike, watu wangu wote wamebaki kule, na hapa hakuna aliyeniambia pole hata mara moja, kwa sababu hakuna aliyekufa. Leo kijana nisiyemjua ndiye wa kwanza kuniambia pole. Nililia kama mtoto. Walinipa maji."

"Kwa hiyo ulitaka pole."

"Nilitaka. Ndiyo. Nilitaka."

"Ukamuuza mtoto ukanunua pole."

Mumewe alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akawasikiliza watoto wa Mama Jeshi juu yao wakikimbizana, wakikatazwa, wakikimbizana tena.

"Ile galaksi yako," mkewe alisema, sasa kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyomtisha. "Kabla hujaiona, ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Ilikuwa imejibanza kando ya mwanga wa mwenzake."

"Ndiyo."

"Ilikudhuru?"

"Hapana."

"Ilimdhuru nani?"

"Hakuna."

"Basi na mimi ungeniacha nilipokuwa." Akajifuta uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayefuta meza. "Kesho watasema pole. Keshokutwa watasema pole. Wiki ijayo watanyamaza. Nani ataniuliza tena, Kidoti hajambo? Maiti haulizwi hali. Kila asubuhi nilikuwa naulizwa, nakuambia! Kila asubuhi mtu alikuwa anashuka na beseni lake ananiuliza hali ya mwanangu. Ulijua unanichukulia nini?"

Hakujua. Alikuwa anajua leo.

"Toka," alisema mkewe. "Sikufukuzi. Toka tu, niwe peke yangu naye kidogo."

Akatoka. Komeo likasukumwa nyuma yake.

---

Mama Jeshi alimkuta kwenye kipandio cha chini cha ngazi, viganja katikati ya magoti. Alikuwa ameshuka na mkeka kwapani. Alisimama mbele yake.

"Pole, Baba Kidoti," alisema. "Pole kwa mtoto."

"Asante," alijibu, na kisha bega lake likaanza kutikisika, na Mama Jeshi akatandika mkeka mbele ya ule mlango uliofungwa, akakaa, akaitazama sakafu ili mwanamume alie bila kutazamwa.

Mke wa mwenye duka akaja, safari hii bila mtoto. Mwenye duka akaja. Yule mteja wa asubuhi, aliyekuwa anapita tu, alivua viatu na kukaa. Wanaume walipeana mikono na Baba Kidoti mmoja mmoja, wakisema lile neno moja, baadhi wakilisema kwa haya kwa kuwa walikuwa wamelichelewesha miaka yote hiyo pasipo kujua. Watoto wa Mama Jeshi wakajipanga ngazini, kimya cha ajabu. Ndani hapakusikika kitu isipokuwa, baadaye, kisu juu ya ubao, na mafuta yakilia kwenye sufuria. Kuna watu wakilia hulala. Mama Kidoti akilia alipika, na hakujua kupika kidogo.

Mama Jeshi alisogeza mdomo karibu na mlango.

"Ni mimi," alisema. "Sijaja kuomba msamaha. Neno nililolisema asubuhi nalijua, na sikuombi ulisamehe leo. Utalisamehe ukitaka, usipotaka basi."

Kisu kilisimama. Kikaendelea.

"Nina swali tu. Yule niliyekuwa namfumia ninamjua. Anapenda njano, ni wa pili darasani, haogopi giza. Huyo namjua kama wangu. Huyu wa kweli simjui. Alikuwaje?"

Mtu akakohoa. Mama Jeshi alikuwa karibu kukata tamaa sauti ilipokuja, karibu sana, kama vile aliyesema alikuwa ameegemea upande wa pili wa mlango ule ule.

"Alikuwa anauma."

"Anauma?"

"Anauma watu. Meno. Ukimnyima kitu anakushika mkono kama anakubusu, halafu anakuuma."

Mtoto mmoja wa ngazini alicheka, akapigwa kiwiko.

"Ehe," Mama Jeshi alisema.

"Na hakutaka kusukwa. Mimi msusi, mwanangu anatembea na kichwa kama kiota. Nikishika kitana anaingia chini ya kitanda."

"Na njano?"

"Rangi alikuwa hazijui. Kila kitu kilikuwa chekundu. Maziwa mekundu. Mimi mwenyewe mwekundu." Sauti ilikatika, ikarudi. "Na kile kidoti chake kilikuwa hapa, chini ya jicho la kushoto. Alikuwa anakikuna akidhani ni uchafu."

"La kulia," Baba Kidoti alisema kutoka kwenye kipandio, kabla hajajizuia.

"La kushoto! Mimi ndiye niliyemwosha."

"Nilikuwa nambeba ananitazama, kilikuwa upande wa..." Alinyanyua mkono hewani, akagusa shavu la mtoto asiyekuwepo, akauangalia mkono wake ulipotua. Watu wote waliuangalia. "Kulia kwangu," alisema polepole. "Kwake yeye ni kushoto. Ni kweli. Kushoto."

Mama Jeshi alikuwa anatiririkwa na machozi bila kuyafuta. Jirani wengine nao walikuwa wamemwona sasa, kwa mara ya kwanza, mtoto wa miaka mitatu mwenye kichwa kama kiota, anauma, na walikuwa wamempata na kumpoteza jioni hiyo hiyo.

"Amelazwa wapi?" Mama Jeshi aliuliza.

"Nyuma ya nyumba ya bibi yake."

"Tutakwenda. Ukitaka. Tutakwenda wote."

Komeo likavutwa. Mama Kidoti alisimama mlangoni, macho yamevimba, kitambaa cha jikoni begani, na nyuma yake taa ilikuwa imekwisha washwa ingawa nje giza lilikuwa halijaingia. Alitazama mkeka, akatazama viatu vilivyozagaa, akatazama ngazi iliyojaa watoto.

"Na nyinyi mmekaa na njaa hapo tangu mchana?" alisema. Sauti ilikuwa imekwaruzika. "Mama Jeshi, ingiza jeshi lako. Ingieni mle. Vijiko havitoshi, mtapokezana."

Waliingia wakiinamisha vichwa, mmoja baada ya mwingine, wakimgusa bega wakipita. Mama Jeshi alipofika wakashikana, wakaachiana. Chumba kikajaa. Mtu akauliza maji ya kunawa yako wapi, mwingine akaambiwa asogee, sahani zikaanza kugongana.

Baba Kidoti alibaki kwenye kipandio. Hakuwa na hakika kama yumo kwenye walioalikwa, na hakuwa na ujasiri wa kuuliza. Mkewe alikuwa bado mlangoni. Hakumtazama, alikuwa anatazama uani, penye ndoo, penye bomba. Uso wake haukuwa na cheko hata chembe.

"Na wewe unangoja nini hapo," alisema, "uitwe redioni? Ingia ule."